Walioanza na Njia: Mafunzo Niliyopata kwa Wasimuliaji wa Darasa la Kwanza

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu hadithi ina mlango wake: msimuliaji anaita paukwa, wanaosikiliza wanaitika pakawa, ndipo wote wanaingia ndani. Nilipopangiwa kufundisha darasa la awali na la kwanza katika shule moja ya wilaya ya Longido, upande wa Kitumbeine, nilikuta watoto wa Kimasai ambao hawakuingilia mlango huo, na shule iliyokwisha kuamua kwamba hawajui kusimulia. Mafunzo haya nimeyapata kwao, mengine kwa mama zao, na mengine katika vitabu vya watu waliokaa na watoto wa jamii za asili huko Oregon, Hawaii, Quebec na Australia.

Najua kwamba hapa Tanzania kusema "watu wa asili" kunaleta ubishi, maana nani asiye wa asili? Lakini Agosti 1989 Moringe Parkipuny, aliyewahi kuwa mbunge wa Ngorongoro, alikwenda Geneva kuhutubia kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu hao, akawaweka Wamasai na Wahadzabe katika fungu moja na watu wa asili wa mabara mengine. Serikali haijawahi kulipenda fungu hilo. Mimi darasani linanifaa, kwa sababu yale niliyoyaona Longido nimeyakuta karibu yaleyale kwa watoto ambao hawajawahi kuona ng'ombe wa nundu.

1. Anayenyamaza mbele ya darasa anaweza kuwa hodari wa kusema

Kila Jumatatu asubuhi tunatakiwa kumwita mtoto mmoja mmoja mbele, awaeleze wenzake alifanya nini mwisho wa juma. Kwetu Pangani utagombana nao wakae chini. Longido mtoto anasimama, anatazama miguu yake, anachora sakafu kwa kidole gumba, na darasa zima linamwonea haya. Kwenye daftari la maendeleo mwalimu anaandika: "Hawezi kujieleza." Saa nne mtoto huyohuyo yuko kwenye tangi la maji, ameshika dumu, anawapa wenzake habari ndefu mpaka wanasahau zamu.

Susan Philips, mtafiti wa Marekani, aliliona jambo hili katika hifadhi ya Wahindi Wekundu ya Warm Springs, Oregon, akaliandikia kitabu kilichotoka 1983. Watoto wa pale walinyamaza walipoitwa peke yao mbele ya wote, na walinyamaza mwalimu alipowauliza mmoja mmoja huku wengine wakisikiliza. Walipopewa kazi ya kikundi bila mtu mzima kuwasimamia, waliongea, wakagawana kazi na kuimaliza. Majumbani kwao hakuna mtu anayemwamuru mwingine aseme sasa hivi mbele ya watu. Anayetaka kusema atasema wakati wake ukifika.

Umasaini kuna pia adabu ya umri. Mtoto akikutana na mkubwa huinamisha kichwa ili aguswe, na maneno huja baada ya kuulizwa. Sasa mwambie mtoto wa miaka sita asimame, mtu mzima akiwa ameketi, atazame watu machoni na kujieleza mwenyewe kwa sauti kubwa. Umemwagiza afanye kila alichokatazwa nyumbani.

Nikawagawa wanne wanne chini ya mgunga, mimi nikaenda kukaa mbali kidogo, nimewapa mgongo, nasahihisha madaftari. Ukitaka kuwasikia watoto hawa lazima wasikuone unawasikiliza. Mwalimu mkuu alipita akauliza mbona sifundishi.

2. Njia kwanza, tukio baadaye

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo watoto wanapopoteza alama nyingi.

Simulizi hii niliiandika siku ileile iliposimuliwa. Aliyeigeuza kutoka Kimasai ni msaidizi wetu wa darasa, binti wa kijiji hichohicho aliyemaliza kidato cha nne. Msimuliaji ni mvulana wa darasa la kwanza:

"Tulipita pale mbuzi wanapolamba chumvi. Tukashuka korongoni. Maji yamekwisha, matope yapo. Tukapanda upande wa mti uliopigwa radi. Mwekundu mwenye sikio fupi, mama yake ni yule aliyekufa mwaka wa vumbi. Upepo ulitoka kule. Tukaona kinyesi cha fisi, cheupe. Tukarudi kwa njia ya bwawa la zamani. Mwekundu alikuwa amefika nyumbani."

Mpelekee mwalimu aliyetoka chuoni mwaka jana, aipe maksi. Atasema hakuna mwanzo. Tatizo halikutajwa, kwani hakuna mahali palipoandikwa kwamba mbuzi alipotea. Hakuna hisia. Mhusika mkuu hajulikani. Mwisho umeanguka tu kutoka juu. Atampa 3 kati ya 10, na hatakuwa mwalimu mbaya, atakuwa amefuata mwongozo wake.

Mimi nilikuwa nawatazama wasikilizaji. Mvulana alipotaja sikio fupi, wawili walicheka, kwa sababu mbuzi yule wanamjua, ni mtoro na mama yake alikuwa mtoro vilevile. Alipofika kwenye upepo, kidevu kikaelekea mlimani, kicheko kikakatika. Binti akanieleza: upepo ukitoka kule, harufu ya mbuzi inateremka moja kwa moja korongoni, na korongoni ndiko fisi analala mchana. Hofu yote ya kisa iliwekwa ndani ya maneno matatu, nao wakaipata. Kinyesi cheupe kilikuja kuthibitisha walichokwisha kukihofia. Kwa nini basi aseme "niliogopa sana" kama vile kitabu cha kiada kinavyotaka? Aliyewahi kuchunga ameshaogopa bila kuambiwa.

Ufundi huo haukutoka hewani. Jioni mifugo inapoingia zizini, mtoto anayechunga huulizwa na baba au kaka yake: mmelisha wapi, maji yako vipi, mmeona nyayo gani, nani anachechemea. Kuna wa miaka mitano ambaye kazi yake ni ndama na vitoto vya mbuzi tu, haendi mbali na boma, naye anaulizwa vilevile. Taarifa ya ovyo ina gharama, kwa sababu kesho yake mifugo itapelekwa kwenye bwawa lililokauka. Wale waliopita kwenye ukame wa 2009, uliomaliza mifugo ya Longido na Monduli, hawachukulii taarifa ya maji kama mazungumzo ya kupitisha muda. Basi mtoto anafundishwa kusimulia kila siku ya Mungu. Anaanza na njia kwa sababu njia ndiyo itakayotumika kumtafuta mbuzi akipotea tena. Anamtaja mnyama kwa rangi, kwa sikio na kwa mama yake, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojulikana.

Keith Basso alikaa miaka mingi na Waapache wa Cibecue, Arizona, na katika kitabu chake cha 1996 ameeleza jinsi wazee wa pale wanavyoweza kutaja jina la mahali tu, wala wasiongeze neno, na msikilizaji akapata kisa kizima kilichotokea pale pamoja na onyo lake. Nilipokisoma nilimfikiria yule mvulana na mti wake uliopigwa radi. Niliwauliza wenzake kuhusu mti ule. Kila mmoja alikuwa na habari yake.

3. Msikilizaji naye yuko kazini

Wazee wa Kimasai wakikutana njiani hupeana habari kwa utaratibu. Mmoja anatoa kipande, mwenzake anaitika "ee", anatoa kingine, "ee", mpaka habari iishe, kisha wanageuza na yule mwingine anatoa zake. Watoto wamelelewa wakiyasikia hayo. Mtoto akitoa kipande cha kwanza darasani hunyamaza kidogo, anangoja. Wenzake wamewekewa vidole midomoni kwa amri ya mwalimu. Hakuna anayeitika. Mwalimu anadhani amesahau, anamsukumia swali: "Halafu ikawaje?" Sasa njia imekatika, anajibu swali badala ya kusimulia.

Niliwaruhusu waitike. Kelele zikawa nyingi kweli, na mwenzangu wa darasa la tatu alikuja mlangoni na chaki mkononi kuuliza kama niko salama. Ila simulizi zikarefuka.

Huko Honolulu, katika mradi wa elimu ulioitwa KEEP, walimu wa watoto wenye asili ya Hawaii walikuwa na tatizo linalofanana na hili. Watoto wa kule nyumbani wanasimulia kwa kupokezana, mmoja anaanza, mwingine anadakia, maneno yanapandana. Mwaka 1980 Kathryn Au alieleza masomo ya kusoma ambamo mwalimu aliwaacha wadakie hivyohivyo huku yeye akishika mada tu, nao watoto wakashiriki na kujadili walichokisoma. Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa. Paukwa inakufa papo hapo pasipokuwa na pakawa.

4. Kujisifu kuna umri wake

"Nani alimuua nyoka?"

"Tulimuua."

"Ndiyo, lakini ni nani hasa?"

"Sisi."

Nyoka huyo aliuawa na mtoto mmoja, tena wote walimwona. Kitabu cha darasa la kwanza kinaanza na mimi: jina langu, ninapenda, nyumbani kwetu mimi ni wa ngapi. Watoto wa Longido wanakipita kitabu hicho taratibu, na kila penye "ni" wanaweka "tu". Mwenzangu mmoja alikuwa anawakata alama kwa kosa la sarufi, eti wanachanganya umoja na wingi.

Wala usikimbilie kusema kwamba Wamasai hawapendi kujisifu. Nenda kwenye sherehe ya morani usikie nyimbo, mtu anajitaja kwa jina, anataja mkuki wake na safari zake, na watu wanapiga mayowe ya furaha. Kwa hiyo "mimi" ipo, tena ya nguvu. Haijafika tu. Mtoto wa miaka sita akiitumia anaonekana amevaa shuka la kaka yake.

5. Yasiyotajwa

Hili ni fupi. Idadi ya mifugo na idadi ya watoto wa nyumba ni mambo ambayo wengi Umasaini hawapendi kuyataja kwa tarakimu, kwa kuhofia balaa. Jina la marehemu nalo halitamkwi ovyo. Sasa mwalimu anauliza: "Tusimulie kuhusu babu yako aliyefariki, na nyumbani mna mbuzi wangapi?" Mtoto ananyamaza, na kunyamaza kwake ni jibu la mtu mwenye malezi. Wanavajo wa Marekani nao wana hadithi za mbweha wao, Coyote, ambazo husimuliwa wakati wa baridi tu. Mwalimu akiziomba mwezi wa Julai atapata watoto wanaotazama dirishani.

Uliza "mbuzi wenu wakoje" badala ya "wangapi". Kisha tafuta maji ya kunywa, maana utakaa hapo muda mrefu.

6. Habari za mchana na hadithi za usiku ni vitu viwili

Tulikuwa na chati ukutani, upande mmoja wanyama wanaofugwa, upande mwingine wanyama wa porini. Watoto wanapanda kubandika picha. Binti mmoja, mkimya sana, alimchukua pundamilia akambandika upande wa wanaofugwa, karibu na ng'ombe, akarudi kukaa. Darasa halikucheka. Mwalimu wa mazoezi aliyekuwapo siku hiyo alimbandua pundamilia, akampeleka porini, somo likaendelea.

Mchana nilimfuata binti kupitia msaidizi wetu. Akasema: pundamilia ni ng'ombe wa akina mama. Halafu kikafuata kisa kizima, kwa sauti iliyobadilika, na mikono ikaanza kufanya kazi. Zamani wanawake walikuwa na mifugo yao wenyewe, pundamilia, nyati, pofu. Asubuhi moja walichinja. Mtoto mmoja akalilia figo, mama yake akamzuia asiende kuchunga mpaka ale kwanza. Mama mwingine akasema kama wako haendi, wangu naye haendi. Mchana ukafika hakuna aliyekwenda machungani, na mifugo ikajiendea porini mpaka leo.

Hadithi hiyo inajulikana Umasaini kote, Kenya na Tanzania. Wanaume huitumia kueleza kwa nini ng'ombe ni mali yao, na hilo nina maoni yangu nalo, lakini si mahali pake. Ninachotaka kukionyesha ni umbo. Hadithi hii ina zamani zake, ina kosa, ina matokeo, na ina mwisho unaoeleweka hata na mtu wa Pangani. Binti alijua kuisimulia kwa sababu ameisikia usiku, ndani ya nyumba, kwa mama au kwa koko wake, yaani bibi. Watoto hawa wana aina mbili za usimulizi ambazo hawazichanganyi. Kuna taarifa ya mchana, yenye njia na nyayo na upepo. Kuna hadithi ya usiku, yenye sungura, fisi, zimwi na wanawake waliopoteza pundamilia. Shule inaziita zote "simulizi", kisha inamwomba mtoto ya mchana na kumhukumu kwa kanuni za ya usiku.

Anayetaka kuziona za usiku kwa maandishi atazame mkusanyo wa fasihi simulizi ya Wamasai alioutoa Naomi Kipury, Mmasai wa Kenya, mwaka 1983. Katika shule nilizopita sijawahi kukikuta kitabu hicho. Nimekuta vingi kuhusu mbweha na zabibu.

Kwa hiyo tulimkaribisha koko mmoja shuleni. Alikuja na ugoro wake na mjukuu mgongoni, akakataa kiti, akaketi chini. Akatuuliza kwa nini tunataka hadithi jua likiwa utosini. Tulifunga madirisha.

7. Mawe, mchanga, kisha penseli

Nyuma ya kila boma utakuta vizizi vidogo vya miiba vilivyojengwa na watoto, na ndani yake mawe: meupe, meusi, ya kahawia, ya madoa. Kila jiwe ni ng'ombe fulani. Mtoto anaweza kukueleza jiwe lipi ni mama wa lipi. Nilipoleta mawe darasani nilipata simulizi ambazo penseli haikuwahi kunipa, maana mkono ukiwa na kazi, macho hayana haja ya kumtazama mwalimu. Jiwe linasogezwa, njia inachorwa kwenye mchanga, kijiti kinakuwa mti, na maneno yanafuata nyuma.

Australia ya kati, wanawake na wasichana wa Kiwarlpiri na wa Kiarrernte wana ufundi mkubwa wa namna hii. Wanasimulia huku wakichora mchangani: alama ya umbo la kwato ni mtu aliyeketi, mstari ni njia, kisha wanafuta kwa kiganja na kuanza sura mpya ya kisa. Nancy Munn aliutafiti ufundi wa Wawarlpiri na kuutolea kitabu 1973. Sidai kwamba Longido wana ufundi wa kiwango hicho. Nasema tu kwamba mtoto aliyezoea kusimulia kwa ardhi, ukimpa kwanza karatasi yenye mistari, umemnyang'anya nusu ya sauti yake.

Kutoka kwenye mawe tunakwenda kwenye picha, na kutoka kwenye picha mtoto anatuambia maneno, msaidizi anayaandika kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na kesho yake hayo ndiyo anayosoma. Wazo hili ni la zamani. Sylvia Ashton-Warner, mwalimu wa watoto wa Kimaori huko New Zealand, aliliandika katika kitabu chake cha 1963: kila mtoto alimwambia neno analolitaka, akaliandika kwenye kadi, na mtoto akajifunza kusoma kwa kadi zake mwenyewe. Alikuta kwamba maneno ya hofu na ya mapenzi yanashika haraka kuliko yale ya kitabu. Hapa kwetu neno lililoshika haraka kuliko yote ni "fisi". La pili ni "pikipiki".

8. Si kila ukimya ni mila

Ukishajifunza haya yote kuna hatari mpya: kila mtoto mkimya utamwekea kibandiko cha utamaduni na kwenda zako. Kulikuwa na binti ambaye hakusema kwenye kikundi, hakusema kwa mawe, wala kwenye tangi la maji. Mwenzangu, mtu mwenye nia njema kabisa, alisema tumwache, ndivyo walivyo. Nilimuuliza mama yake swali moja: wadogo zake wako hivi? Akasema la, hata huyu hakuwa hivi, alianza baada ya masikio. Usaha ulikuwa ukitoka, unakauka, unarudi. Alipelekwa kituo cha afya, na safari ya kituo cha afya kutoka pale si jambo la asubuhi moja. Huko Australia maradhi ya sikio la kati ni tatizo kubwa kwa watoto wa jamii za asili, na walimu wa kule wanajua kwamba mtoto asiyejibu huenda hakusikia. Watoto wengine wa Longido wanatembea mbali tumbo likiwa na chai ya rangi tu. Njaa haina kabila.

Mama ndiye anayejua mpaka uko wapi. Martha Crago, aliyetafiti lugha ya watoto wa Kiinuit kaskazini mwa Quebec, ameeleza jinsi alivyomsifu mvulana mdogo mwenye maneno mengi, akidhani ni mwerevu, na mwalimu Mwinuit akamuuliza kama hafikirii kwamba mtoto yule ana tatizo la kujifunza. Kwa mwalimu yule, mtoto asiyejua kunyamaza ndiye wa kuhangaikiwa. Nimewasimulia akina mama wa Longido kisa hicho. Walikielewa mara moja, na wakaanza kutaja watoto.

9. Lugha

Hili limeandikwa na wengi, sitalirefusha. Lugha ya kufundishia shule ya msingi ni Kiswahili, mtoto wa boma anakuja na Kimasai, na kwa mwaka wa kwanza Kiswahili chake ni cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kumpima usimulizi kwa lugha hiyo ni kumpima kitu kingine. Kenya, upande wa pili wa mpaka ambao ng'ombe hawautambui, sera inaruhusu lugha ya eneo katika miaka ya mwanzo. Sisi tunategemea huruma ya mwalimu na kuwepo kwa msaidizi kama yule binti. Mtoto asimulie kwa Kimasai kwanza mpaka amalize, kisha aje na Kiswahili. Atarudi na kipande kidogo, lakini kitakuwa kipande cha kitu kizima.

10. Anayenyoosha hadithi ni msikilizaji

Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alichapisha majaribio ambamo aliwapa Waingereza hadithi ya watu wa asili wa pwani ya magharibi ya Marekani Kaskazini, kuhusu vita vya mizimu, kisha akawaomba waikumbuke na kuisimulia. Kila walipoirudia ilinyooka. Mtumbwi ukawa mashua. Mizimu ikapungua, kwa wengine ikatoweka. Mambo yaliyoachwa bila kuelezwa yakapata maelezo. Wasimuliaji hao hawakuwa waongo, waliitengeneza tu ifanane na hadithi wanazozijua.

Kalamu nyekundu ya mwalimu inafanya hivyohivyo. Nimeona simulizi ya mbuzi mwekundu baada ya "kusahihishwa" na mwenzangu kwa ajili ya ubao wa matangazo: "Siku moja nilikwenda kuchunga mbuzi. Mbuzi wangu mmoja alipotea. Nilihuzunika sana. Nilimtafuta kila mahali. Mwishowe nilimkuta nyumbani. Nilifurahi sana." Njia imekwenda, upepo umekwenda, mama wa mbuzi amekwenda. Zimebaki huzuni na furaha, ambazo mtoto hakuzitaja. Ilipewa alama ya vema na kubandikwa.

Mthibiti ubora aliyetutembelea aliipenda. Ile nyingine, ya asili, aliisoma mara mbili, akaniambia kwa upole kwamba haina muundo. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye ana hoja: mtoto huyu atafanya mtihani wa darasa la nne, na mtihani haumjui mbuzi yule. Nakubali kwamba lazima afundishwe mwanzo, kati na mwisho vya kitabuni, tena vifundishwe waziwazi, aambiwe hivi ndivyo wanavyotaka watu wa mtihani, kama anavyofundishwa kufunga vifungo vya shati la sare. Nisichokubali ni fomu ya tathmini inayoandika "hawezi kusimulia". Fomu ina safu nne: kichwa, mwanzo, kati, mwisho. Kichwa nimekiruhusu, watoto wanakipenda. Pembeni nimechora safu ya tano kwa kalamu yangu, nikaandika "njia". Akauliza safu hiyo itakuwa na alama ngapi. Nikampendekezea 2 kati ya 10. Amesema atalifikisha wilayani.